Kinyozi Aliyejua Visogo

Kinyozi wa mtaa wetu pale Nachingwea hakupenda maongezi, na kwa kinyozi hilo ni kama mpishi asiyependa moshi. Wanaume walikuja kwake na habari zao za mpira, za ufuta, za nani kaoa na nani kaachwa, wakakaa kitini na kuanza kuzimwaga. Yeye aliwafunga shuka shingoni, akaanza kukata, asijibu hata neno. Mteja aliyenyamaza alinyolewa vizuri. Mteja aliyeng'ang'ania kuzungumza alinyolewa vizuri vilevile, ila alichelewa kuondoka, kwa sababu Kinyozi alisimamisha mkasi kila taya la mtu lilipocheza, akangoja litulie, ndipo akaendelea.

Nilikaa jirani naye miaka zaidi ya kumi. Nilihamia mtaani mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimetoka Chunyu na begi moja na godoro, nikapanga nyumba iliyotazamana na kibanda chake. Kati yetu palikuwa na barabara ya vumbi na mfereji mdogo, basi. Jina lake nililisikia mara moja tu, siku ya kujiandikisha kupiga kura, na nikalisahau kabla sijafika nyumbani. Kwa watu wote alikuwa Kinyozi. Alikotoka sikuuliza sana. Wapo waliosema ng'ambo ya Ruvuma, wapo waliosema Masasi, na dada yake, ambaye ndiye angejua, kila mwaka alitoa jibu jipya.

Huyo dada ndiye aliyekuwa akiishi naye. Alikuwa mjane mwembamba, mkubwa wake kwa miaka michache, na nadhani Mungu alipowagawia wale wawili fungu lao la maneno, dada alichukua lote. Wao kwa wao walizungumza Kimakua. Kwa sisi wengine, dada ndiye aliyekuwa mdomo wa kaka. Ukimwuliza Kinyozi kama kesho atafungua, alitazama mlango wa nyumba yao mpaka dada atokee akujibu.

Lakini kibanda chenyewe hakikuwa kimya. Palikuwa na redio kaseti juu ya rafu, karibu na chupa ya spiriti na kopo la poda, na palikuwa na kaseti moja. Ilikuwa ya muziki wa dansi wa zamani, na Kinyozi alisikiliza upande mmoja tu. Ukiisha, aliitoa, akairudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili asimalize betri, akaanza tena. Betri zikichoka alizianika juu ya bati, zikapata nguvu kidogo, akazirudisha. Kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, siku sita kwa wiki, sisi wa mtaa ule tulisikia nyimbo zilezile tano kwa mpangilio uleule.

Katika wimbo wa tatu kulikuwa na mahali ambapo waimbaji wanapumzika na tarumbeta zinaingia. Hapo Kinyozi alisimama. Popote alipokuwa amefika kichwani mwa mtu, aliinua mkasi hewani karibu na sikio lake mwenyewe, akafumba macho, akaufungua na kuufunga kwa kufuata tarumbeta, chaka, chaka, chaka, bila kukata chochote. Wenyeji walizoea. Walikaa na nywele nusu, wakingoja, kama gari linavyongoja ng'ombe wavuke barabara. Mgeni mmoja, bwana aliyekuja kikazi kutoka Lindi, alishtuka akataka kuinuka, na watu waliokuwa kwenye benchi wakamtuliza.

"Kaa tu, bwana," mmoja alimwambia. "Tarumbeta zinapita."

Wakati mmoja kijana wa mtaani alifanya mzaha. Aliichomoa kaseti ile na kuweka nyingine ya bongo fleva, iliyokuwa imeanza kushika kasi. Kinyozi alibonyeza, akasikiliza kidogo, akazima. Akamfungua mteja shuka, akaikunja pembe kwa pembe, akafunga kibanda. Alikaa ndani siku mbili. Dada yake alipita nyumba kwa nyumba akituambia kwamba kaka yake hali chakula, na kwamba aliyefanya hivyo ajue kuwa si mzaha. Siku ya tatu kijana alirudi na kaseti, mama yake nyuma yake. Kinyozi aliipokea, akaikagua pande zote mbili, kisha akamwonyesha kijana kiti akamnyoa. Mpaka leo hatujui kama ule ulikuwa msamaha au kama nywele zilikuwa tu zimerefuka.

Kwa hiyo miaka ilipokwenda na redio ikaila ile kaseti, ikatoka utepe wote kama utumbo wa kuku, mtaa mzima uliingiwa na hofu. Mimi ndiye niliyejitwika kazi ya kutafuta nyingine. Nilimpata mtu Masasi aliyekuwa na nyimbo zilezile, akanirekodia, nikampelekea Kinyozi nikiwa nimejiandaa kuona machozi. Aliishika, akaisoma, akanirudishia.

"Nimeshausikia, Mwalimu," alisema.

Basi. Tangu siku hiyo kibanda kilikaa kimya, naye hakuonekana kupungukiwa na kitu. Tuliopata taabu ni sisi majirani. Kila asubuhi masikio yangu yaliamka yakitafuta tarumbeta.

Kitu kingine kilichowachanganya watu ni kwamba hakujua nyuso. Ungeweza kunyolewa naye miaka minane, mkikutana sokoni ana kwa ana akakupita kama anayepita mti wa umeme. Wengine walikasirika wakasema ana dharau. Lakini ukimpita, ukiwa umekwishampa mgongo, ungesikia sauti yake ikikusalimu. Alijua visogo. Alijua kilichokatika kama ngazi, kilichochongoka, chenye kovu la utotoni, chenye pindo la nywele linaloota kinyume. Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Kinyozi alianza kumtambua mtu hapo alipopewa kisogo.

Mume wangu, Baba Hadija, alikuwa mpenzi wa mpira kupindukia, na mwaka mmoja alimpakia Kinyozi kwenye lori la washabiki wakaenda Namungo, ambako wachimbaji wa dhahabu walikuwa na timu zao na watu walifurika. Nilimwambia anamtesa mzee wa watu bure. Kelele zile, msongamano ule, na mtu mwenyewe hajui hata goli lina nguzo ngapi. Walirudi magharibi, timu yetu imefungwa, mume wangu uso umemshuka. Kinyozi alikuwa anang'aa. Alikuwa amesimama nyuma ya umati mchana kutwa, watu wote wametazama uwanjani, na yeye ametazama watu. Dada yake alipomwuliza mechi ilikuwaje, alimjibu kwa Kimakua, naye akatutafsiria huku akicheka. Alikuwa ameona vichwa themanini na viwili alivyowahi kunyoa. Kumi na tisa kati ya hivyo vilikuwa vimeharibiwa na kinyozi mwingine.

Mambo yake mengine hayakupatana yenyewe kwa yenyewe. Kazi yake ilikuwa kushika watu kutwa, lakini yeye hakuvumilia kushikwa. Sikukuu ya Idi, watu wanapopeana mikono na kukumbatiana, alisimama pembeni amefumbata kitana mgongoni kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa kwa kila mmoja. Alipofika wakati wa yeye kunyolewa, dada yake ndiye aliyefanya, uani, na ilikuwa vita. Alishika kiti kwa nguvu, macho ameyafumba, na dada akimsomea dua nusu na kumgombeza nusu. Alipenda tarumbeta, lakini mashine ya kusaga ikianza kupiga ukelele wake wa asubuhi alikimbilia ndani na mto kichwani. Hakujua kumsifu mtu. Bwana harusi mmoja alimwonyesha picha ya mtindo aliotaka, akaitazama, akatazama kichwa, akasema kichwa hicho hakiwezi. Wale waliomharakisha aliwapa jibu moja, na nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizozizoea: "Kichwa hakina haraka. Mwenye kichwa ndiye ana haraka." Nililichukua neno hilo nikalipeleka darasani, nikalitumia kwa watoto wa hesabu mpaka nilipostaafu.

Sasa nifike kwa Hadija, binti yangu, maana bila yeye Kinyozi angebaki kwangu kichekesho cha mtaa tu.

Hadija alichelewa kusema. Alifika miaka minne bila kuniita mama. Hakutazama mtu usoni. Alikaa mkekani akipitisha pindo la kanga yangu kati ya vidole vyake, kutoka kona hadi kona, na ukiivuta alilia mpaka anatapika. Ili kumtuliza, nilizoea kumsomea yale maandishi ya kanga, nikifuatisha kwa kidole. Sikutegemea kitu. Siku moja mama mkwe wangu alikuja kutoka Kiegei, akavua viatu mlangoni, na Hadija, bila kuinua macho, akatamka kwa sauti safi: "Karibu ukae, usihesabu sufuria."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa binadamu. Jioni yote nilifikiri nyumba imevunjika. Asubuhi mama mkwe akaniuliza kanga ile inauzwa duka gani.

Kuanzia hapo Hadija alizungumza, lakini kwa kanga. Alikuwa akisoma kabla sijajua kwamba anajua kusoma. Akiwa na njaa alikuja na kanga yenye neno la chakula akanisomea. Akiudhika alikuwa na ghala zima. Alimwambia muuza samaki, "Wivu wako ndio mboga yangu," na yule mtu hakuwa amefanya lolote zaidi ya kupita. Nilicheka sana miaka ile. Nilihofia pia, lakini nilicheka.

Kisichochekesha kilikuwa kichwa chake. Hakuruhusu mkono wala kitana. Nywele zilijifunga mabonge, na majirani wakaanza kunishauri, kila mmoja na lake. Mwisho nikakubali la wengi. Wanawake wanne walimshika, mimi nikashika mkasi. Tulikata kidogo tu, tukashindwa. Kwa wiki nyingi baadaye alilala chini ya kitanda, na kanga zangu alizificha nisizione. Hakunisomea hata moja. Nilikuwa mwalimu wa watoto wa watu hamsini darasani, na wangu mwenyewe alinikimbia nikiingia na kijiko mkononi.

Mwaka wa kuanza shule ukafika. Mwalimu mkuu wetu, ambaye alikuwa pia mkubwa wangu wa kazi, alinieleza kwa upole kwamba kanuni inajulikana: mtoto wa shule ya msingi ananyolewa, wa mwalimu na wa mkulima. Kisha akafunga mlango akaongeza kwamba mtoto asiyeshikika kichwa, yeye haoni atafundishwaje. Nimlete Jumatatu amenyolewa, ametulia. Ikishindikana, tungoje mwaka mwingine. Nilijua maana ya mwaka mwingine. Nilikuwa nimeona watoto walioambiwa hivyo wakazeekea uani.

Ilikuwa Jumatano, na kaseti ilikuwa bado nzima. Nikapata wazo, nikaliona ni la akili sana. Dada yake Kinyozi alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja kwamba Hadija ni kama kaka yake alivyokuwa mdogo. Na mimi mwenyewe nilikuwa naona. Wote wawili hawakutazama macho, wote walikula chakula kimoja kila siku, Kinyozi kitu chake cha kuchezesha ni mkasi, Hadija ni pindo. Nikasema hawa ni watu wa kabila moja. Kinachomfurahisha mmoja kitamfurahisha mwingine. Kama tarumbeta zile zinamtuliza Kinyozi mpaka anasahau dunia, zitamtuliza na Hadija, naye atamnyoa zikishapita. Sikujiuliza kwa nini kila asubuhi muziki ulipoanza Hadija alibeba mkeka wake kwenda uani.

Nikambeba mpaka kibandani, nikamweka kitini, nikajisimamisha kando kwa kujiamini. Wimbo wa tatu ukafika, tarumbeta zikaingia. Hadija aliziba masikio, akapiga ukelele ulioleta watu kutoka sokoni, akateleza kitini na shuka, akajikunja chini ya rafu. Wanaume wa kwenye benchi walicheka. Mmoja aliniambia nimkaze, mtoto hafi kwa kunyolewa. Nilisimama pale, mwalimu mzima, nikitafuta pa kuficha uso.

Kinyozi alinyoosha mkono akazima redio. Katikati ya tarumbeta. Waliokuwa kwenye benchi waliacha kucheka, kwa maana hakuna aliyewahi kuona jambo lile.

"Anapenda nini?" aliniuliza. Alikuwa anaitazama redio, si mimi.

Nilianza kumweleza wazo langu, kwamba niliona wanafanana, kwamba nilidhani muziki wake...

"Tarumbeta napenda mimi," alisema. "Yeye si mimi." Akauliza tena: "Anapenda nini?"

Nikamwambia kanga. Maandishi ya kanga.

Aliwatoa watu wote nje kwa ishara ya mkono, akavuka uani kwao, tukasikia sanduku likifunguliwa na dada akilalamika. Alirudi na kanga moja, akafunga kamba juu ya kioo, akaitundika kioo kikafunikwa, maandishi yakawa usawa wa macho ya mtoto. Halafu akatoka akaketi kizingitini, mgongo kwetu, akakaa. Hakusema njoo wala kaa. Baada ya muda mrefu Hadija alitoka chini ya rafu, akapanda kitini mwenyewe, akasoma kwa sauti, mara nne au tano. Alipomaliza, Kinyozi aliinuka, akaitungua kanga, akasema neno moja: kesho.

Nilimwambia mume wangu zimebaki siku nne na mzee bado anatundika nguo. Lakini Alhamisi tulirudi. Kamba ilikuwa na kanga nyingine. Hadija alipokuwa amesoma vya kutosha, Kinyozi alimpa mkasi aushike. Aliufungua, akaufunga, akausikiliza. Kisha yule mtu, ambaye hakumpa mkono hata imamu, alipiga magoti mbele ya kiti akainamisha kichwa. Nilimwona akishika miguu ya kiti kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba kwa nguvu. Hadija alitazama kichwa kile. Akashika kishungi juu ya sikio, akakata.

Kilianguka sakafuni, wakakitazama wote wawili.

Ndipo Kinyozi akainuka, akauchukua mkasi, naye Hadija akageuka akaikabili kanga. Siku hiyo alimnyoa robo ya kichwa, upande wa kushoto, kishungi kwa kishungi, kila kimoja akimwonyesha kabla hajakidondosha. Mashine ya mkono hakuigusa, kwa kuwa ilikuwa na kelele ya meno. Robo ilipokwisha alikataa kuendelea, ingawa mimi nilimsihi kwamba ametulia, amalize. Ijumaa robo, Jumamosi robo, Jumapili robo. Kila siku na kanga yake. Siku tatu zile binti yangu alizunguka mtaani na kichwa cha mafungu, upande jangwa upande msitu, na mimi nikamfuata nimejitanda mpaka machoni. Dada yake Kinyozi alituambia kwamba sanduku lake limegeuka kuwa la kinyozi, na kwamba kuna kanga humo alizofichwa hata marehemu mume wake. Kinyozi mwenyewe alibaki na pengo juu ya sikio. Vijana wawili walidhani ni mtindo umeingia kutoka Dar, wakaja kuuomba.

Jumatatu mwalimu mkuu alikitazama kichwa cha Hadija kwa muda, kisafi kama yai. Hadija aliitazama tai yake.

"Ukinichukia sikondi," alimwambia.

Mwalimu mkuu alikohoa, akafungua daftari, akaandika jina lake.

Baadaye sana, hospitali ya misheni tuliyopelekwa, daktari mmoja mwanamke aliniambia jambo hili linaitwa usonji. Alinieleza kwa utulivu, akaniuliza maswali mengi, mwisho akaniuliza kama nina la kwangu. Nilikuwa nalo moja. Nilimwuliza kama watu wa namna hii wanapenda muziki wa aina moja, na vitu vya aina moja, kwa kuwa nimewahi kukosea hapo. Alicheka. Alisema ana mtoto anayetaka kaswida tu, mwingine anatulia kwa mlio wa mashine ya kusaga, mwingine hataki sauti yoyote hata ya maji yakimiminwa, na kuna mmoja anajua majina ya mito yote na muziki haumhusu. "Ukiwaweka chumba kimoja," alisema, "watagombea redio kama watu wengine." Kinachofanana, alivyoona yeye, ni jinsi wanavyokipenda kile walichokipenda. Nilimsimulia habari za Kinyozi, akatamani kumwona. Nikamwambia akija, aje kinyumenyume.

Sisemi kwamba Kinyozi alikuwa na usonji. Hakupimwa na mtu, wala mimi si daktari. Nilimwambia dada yake tu lile neno, siku moja tukichambua mchicha. Alilirudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Kumbe kina jina," alisema. "Sisi tulikuwa tunasema ndivyo alivyo."

Nilihamishiwa Ruangwa Hadija akiwa darasa la tatu. Kinyozi alifunga kibanda mikono ilipoanza kumtetemeka, wakahamia Kiegei kulima, na kwa miaka kadhaa nilipata habari zao kupitia mama mkwe. Likizo moja, kuelekea mwisho wa miaka ile ya elfu mbili, nilimchukua Hadija tukaenda kuwaona. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kanga alikwisha kuziacha, ghafla kama alivyozianza, na alizungumza maneno yake mwenyewe, machache. Sasa ilikuwa mawe. Baba yake alimletea kutoka Namungo vipande vinavyometameta ambavyo wachimbaji wanavitupa, naye alitembea navyo kwenye mfuko wa khaki, hamwonyeshi mtu.

Tulimkuta Kinyozi barazani anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Ni kazi ya wanawake kule, na dada yake alituambia majirani walimcheka mwaka wa kwanza, wa pili wakachoka. Mikeka yenyewe hakuijali. Alipenda kusuka tu. Nyumba ilikuwa imejaa magurudumu ya ukili, mengine makubwa kama tairi la trekta, na dada alikuwa akishona mchana na jioni ili apate njia ya kupita.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Miaka yote ile sikuwahi kumshukuru ipasavyo, na njia nzima nilikuwa nimeyapanga. Nikaketi karibu naye, nikayasema yote: kwamba Hadija yuko darasa la sita, kwamba anaongoza hesabu, kwamba isingekuwa yeye na zile siku nne, sijui. Alisuka mpaka nikamaliza. Kisha akasema ukindu wa mwaka huu ni mkavu.

Hadija alikuwa ameketi upande wa pili wa baraza. Alimimina mawe yake sakafuni, akaanza kuyapanga. Mstari ukasogea, ukafika kwenye mguu wa mzee. Mzee alikunja mguu wake, mstari ukapita. Ukili ukarefuka, ukafika kwenye mawe. Hadija aliacha nafasi, ukapita. Mimi na dada tulipika, tukala, tukasimulia waliokufa na waliozaa, nikawachungulia mara kwa mara nione kama kuna linalohitaji kusaidiwa. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilitamani kwenda kusema kitu chochote, hata kuuliza kama wanataka maji, na dada akanishika kanga akanikalisha.

Jua liliposhuka nikamwambia Hadija tuondoke. Aliyakusanya mawe moja moja. Dada alimwambia kaka yake awaage wageni.

"Mmekaa vizuri," alisema, akarudi kwenye ukili.

Njiani nilimwuliza Hadija kama hakuchoka, mchana mzima bila kuongea. Tulivuka kijito, tukapanda kilima kidogo cha mikorosho, nikawa nimekwisha kusahau kwamba niliuliza.

"Uliyechoka ni wewe, Mama," alisema. "Sisi tulikuwa tunaongea."